Simu inaisha chaji, lakini chaji haiishi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi kaniuliza, "Baba, chaji ya umeme ni nini?" Nikacheka, nikamwambia ndiyo hii ninayowajazia watu kwenye simu kila siku. Akanifungulia daftari: wameandikiwa kwamba chaji haiumbwi wala haiteketei. Akaniuliza tena, "Sasa mbona simu zinaisha chaji?" Nikakosa la kusema. Lile jaribio la kusugua kitana kichwani na kuvuta vipande vya karatasi nalo tumelifanya, karatasi hazikutikisika. Chaji ni nini hasa? Ni kitu, ni nguvu, au ni jina tu?

JIBU: Marahaba, fundi. Mpe binti hongera, maana swali lake limewashinda wengi waliofaulu mtihani wa fizikia kwa alama nzuri. Na wewe usijilaumu. Kosa ni la neno lenyewe. Kiswahili chetu kimelipokea neno "chaji" na kulipa kazi tatu. Mteja akinung'unika kwamba umemchaji elfu arobaini kwa kubadilisha kioo, hiyo ni bei. Akisema simu yake imebakiza chaji asilimia nane, hiyo ni nishati. Daftari la binti halisemi bei wala nishati. Linasema sifa fulani ya chembe ndogo kabisa zinazounda kila kitu, ikiwemo meza yako ya kazi, bisibisi, na mkono unaoishika.

Tuanzie kwenye simu, maana huko ndiko kwako. Chukua betri iliyoandikwa 5000 mAh. Namba hiyo umeisoma mara zisizohesabika, na ajabu yake ni kwamba kwa kweli ni kipimo cha chaji, ile ile ya daftarini. Chaji hupimwa kwa kulomu, na ampea moja maana yake ni kulomu moja inayopita kila sekunde. Miliampea 5000 ni ampea tano. Ampea tano zikipita kwa saa nzima, yaani sekunde 3600, zinakuwa kulomu 18,000. Sasa shikilia hilo neno "zikipita". Betri haina kulomu 18,000 zilizolala tumboni kama mafuta ya taa kwenye dumu. Simu ikiwa imewaka, kila elektroni (mojawapo ya zile chembe ndogo) inayotoka kwenye ncha hasi ya betri ina mwenzake anayeingia kwenye ncha chanya wakati huohuo. Ndani ya betri nako, ayoni za lithiamu, yaani atomu zilizopungukiwa elektroni, zinahama kutoka upande wa grafiti kwenda upande wa pili ili hesabu zikae sawa. Ungeweza kuhesabu elektroni za simu iliyojaa pomoni na za simu iliyozima, ungekuta idadi ni moja.

Kilichopungua ni nishati. Elektroni zilikuwa zimepandishwa, mithili ya maji kwenye tangi la juu ya paa, zikawa zinateremka na kufanya kazi njiani: kuwasha kioo, kupiga spika, kutafuta mtandao. Chaja inazirudisha juu. Ikisukuma ampea mbili, ni kulomu mbili kila sekunde, kwa hiyo zile 18,000 zitachukua sekunde 9000, saa mbili na nusu. Zaidi kidogo kwa kweli, maana unajua mwenyewe chaja inavyopunguza kasi asilimia zikikaribia mia. Katika muda wote huo simu haikuongezewa chaji hata chembe. Waya mmoja uliingiza, mwingine ukatoa.

Hivyo binti yako yuko sahihi na daftari lake liko sahihi. Simu haiishiwi chaji, inaishiwa nishati. Hata kapasita, kile kifaa chenye mabamba mawili, unayosema "imechajiwa" ina ziada ya elektroni kwenye bamba moja na upungufu wa kiasi kilekile kwenye bamba la pili. Ukijumlisha unapata sifuri. Na umeme wa LUKU nao ni hivyohivyo. Yuniti unazonunua ni za nishati. Elektroni zilizo kwenye waya wa nyumba yako hazikutoka bwawani wala kwenye mtambo wa gesi. Zilikuja na shaba yenyewe, na kwa kuwa mkondo wetu hubadili uelekeo, zinatikisika tu mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Kwenye waya wa milimita mraba 1.5 unaopitisha ampea moja, safari ya kila mtikisiko haifiki sehemu ya mia ya unene wa unywele. Wanaotania kwamba shirika la umeme linatuuzia elektroni zetu wenyewe hawako mbali na ukweli.

Haya, chaji yenyewe sasa. Umeuliza: ni kitu, ni nguvu, au ni jina? Nguvu siyo. Kitu pia siyo, na hapa ndipo lugha inapotuponza, kwa sababu tunasema chaji "inapita", "inahama", "inajaa", kama vile ni maji. Kinachohama ni chembe. Chaji ni sifa ambayo chembe hiyo inayo.

Fikiria ujomba. Mpige mtu picha ya eksirei kutoka utosini hadi kisiginoni, hutauona ujomba wake popote. Lakini mpwa akitokea tu, mambo yanabadilika: kuna heshima, kuna utani, kuna madai ya zawadi. Unamjua mjomba kwa yanayotokea kati yake na wengine. Chaji ndivyo ilivyo. Chembe yenye chaji ukiiacha peke yake huoni lolote. Ilete nyingine yenye chaji karibu, zitavutana au zitasukumana. Mfano huu una ufa, nakiri. Mtu huzaliwa bila ujomba, akaupata siku dada yake anapojifungua. Elektroni haina siku kama hiyo. Imekuja na chaji yake, haiwezi kuazimisha wala kupunguziwa, na elektroni iliyo kwenye kucha yako ina chaji sawasawa na iliyo kwenye nyota ya mbali.

Na mbona zinavutana zikiwa mbalimbali bila kugusana? Wanafizikia husema kila chembe yenye chaji inabadili hali ya nafasi iliyoizunguka. Hali hiyo tunaiita uga wa umeme, na chembe nyingine inaitika uga uliopo pale ilipo. Chaji ni kipimo cha kiasi gani chembe inautengeneza na kuuitika uga huo, kama vile masi ilivyo kipimo cha kuitika mvutano wa dunia. Binti akikuuliza, "Na chaji yenyewe imetengenezwa na nini?" mwambie bila aibu kwamba hapo tumefika kwenye mwamba. Hakuna kitu kidogo zaidi ambacho chaji imejengwa nacho.

Tofauti kubwa na masi ni kwamba chaji ziko za aina mbili. Jambo hili watu walichelewa sana kulijua. Wagiriki wa kale walijua kwamba kaharabu, utomvu mkavu wa mti, ikisuguliwa huvuta unyasi. Kaharabu kwa Kigiriki ni elektron, ndiyo maana tunasema elektroni. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda Ugiriki: neno "kaharabu" lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na kwa Kiajemi maana yake ni mnyakua majani makavu. Ndugu zetu walioko Muscat wakilipia bili ya umeme, wanalipia kahraba. Lugha mbili tofauti zikauita umeme kwa jina la utomvu uleule mkavu.

Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay alisugua bomba la kioo, akalitumia kuinua hewani kijikaratasi cha dhahabu. Bomba lilikuwa likikifukuza, nacho kinaelea. Kisha akakisogezea kipande cha sandarusi kilichosuguliwa. Alitarajia nacho kitakifukuza. Badala yake dhahabu iliruka ikajibandika kwenye sandarusi. Alishangaa, na alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu pale pale ilidhihirika kwamba kuna umeme wa namna mbili: wa kioo na wa utomvu. Zinazofanana zinakimbiana, zisizofanana zinavutana. (Sandarusi, kwa vijana wasioijua, ni utomvu wa mti uliozikwa ardhini miaka mingi, karne moja baadaye pwani yetu ilisifika duniani kwa kuuchimba, na Unguja ilikuwa soko lake kubwa.)

Majina ya "chanya" na "hasi" yalikuja miaka ya 1740 kutoka kwa Mmarekani Benjamin Franklin. Yeye alidhani umeme ni umajimaji mmoja tu: kitu chenye ziada kina chanya, chenye upungufu kina hasi. Ilimbidi achague upi ni upi, akabahatisha kwamba kioo kilichosuguliwa ndicho chenye ziada. Bahati haikuwa yake. J. J. Thomson alipoitambua elektroni kule Cambridge mwaka 1897, ikaonekana kwamba chembe inayohamahama kwenye nyaya ina ile chaji ambayo Franklin aliita hasi. Lakini michoro yote ilishachorwa. Ndiyo sababu mpaka leo kwenye ramani za saketi unazotumia mshale wa mkondo unatoka chanya kwenda hasi, wakati elektroni zenyewe zinakwenda kinyume. Basi binti asidhani "hasi" ni ubaya au ukosefu, kama tunavyosema "fikra hasi". Ni majina tu. Franklin angeweza kuziita za mashariki na za magharibi.

Nakuja kwenye kitana, maana naona kimewavunja moyo. Mko Tanga, fundi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo unatandaza utando mwembamba wa maji juu ya plastiki, juu ya karatasi, juu ya kila kitu. Chaji iliyojikusanya kwenye kitana inavujia hapo kabla hamjakifikisha mezani. Ongeza na mafuta ya nywele, jaribio limekwisha. Binti angekuwa Dodoma mwezi wa nane, vikaratasi vingemrukia hata bila kualikwa. Mimi mwenyewe nilipohamishwa kutoka bara kwenda kufundisha pwani, niliaibika mbele ya darasa zima kwa kitana hichohicho, na wanafunzi wakaniambia labda nijaribu na dua.

Likikubali, kinachotokea ni hiki. Kitana cha plastiki kikigusana na nywele, elektroni chache zinahama kutoka nywele kwenda kwenye kitana. Msuguano hauumbi chaji. Unachofanya ni kuongeza sehemu zinazogusana. Kitana kinabaki na ziada ya elektroni, kwa hiyo kina chaji hasi, na nywele zinabaki na upungufu uleule, kwa hiyo zina chanya. Ukitaka kujua kwa undani kwa nini plastiki hii inapora na ile inaporwa, wataalamu bado wanabishana. Kwa jambo linaloonekana la kitoto, lina giza la kutosha.

Halafu karatasi: haikusuguliwa, haina chaji ya ziada, mbona inavutwa? Swali hili hupenda kuwekwa kwenye mitihani. Karatasi ina chaji tele, chanya na hasi, ila zimelingana. Kitana chenye chaji hasi kikikaribia, elektroni za karatasi zinasukumwa kidogo nyuma, kila moja ndani ya molekuli yake. Sasa upande wa karatasi unaotazama kitana una uchanya kidogo, na upande wa nyuma una uhasi kidogo. Uchanya uko karibu zaidi, na kani ya umeme hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka: umbali ukiwa mara mbili, kani inabaki robo. Hilo alilipima Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785 kwa mizani ya waya unaosokoteka, na kulomu yetu imepewa jina lake. Mvuto wa karibu unaushinda msukumo wa mbali, karatasi inaruka.

Unajua ni elektroni ngapi zinahama kwenye mchezo huu? Kitana kilichosuguliwa vizuri kinaweza kubeba nanokulomu (sehemu ya bilioni ya kulomu) kama kumi hivi, na hizo ni elektroni bilioni 60. Zinasikika nyingi. Lakini kitana cha gramu kumi kina elektroni nyingi kiasi kwamba hiyo ziada ni moja kwa kila takribani trilioni 50. Ziada ndogo hivyo inatosha kuinua karatasi dhidi ya mvutano wa dunia nzima.

Ndiyo maana napenda kuwapa wanafunzi hesabu ya kijiko cha chai. Kijiko kimoja cha maji, gramu tano. Ukijumlisha chaji ya elektroni zake zote unapata karibu kulomu 268,000 hasi. Na kwenye viini vya atomu zake kuna 268,000 chanya. Tuseme unaweza kuzitenganisha, elektroni zote ukazibakiza Dar es Salaam, viini ukavipeleka Mwanza, kama kilomita 850 kwa mstari wa ndege. Kani ambayo zingevutana nayo kutoka umbali huo ni sawa na uzito wa tani 90,000. Kijiko kimoja! Tunaishi bila kuihisi kani hii kwa sababu moja tu: chanya na hasi zimelingana kwa usahihi wa kutisha. Chaji ya protoni, ile chembe chanya ya kwenye kiini, na ya elektroni zimelinganishwa kwenye maabara na hakuna tofauti iliyoonekana, hata kwa kiwango cha sehemu moja katika bilioni ya trilioni. Protoni ni nzito kuliko elektroni kwa takribani mara 1836, inaundwa na chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki ambazo zina chaji za theluthi theluthi, na bado jumla yake inaangukia palepale kwenye chaji ya elektroni, ishara tu ikiwa tofauti. Kwa nini? Hakuna aliyethibitisha jibu. Mwanafizikia Paul Dirac alionyesha mwaka 1931 kwamba kama kungekuwa na sumaku yenye ncha moja popote ulimwenguni, chaji zingelazimika kuja kwa vipande sawa. Sumaku hiyo imetafutwa sana, haijaonekana.

Kwamba chaji huja kwa vipande tunalijua kwa uhakika. Kuanzia mwaka 1909 Robert Millikan kule Chicago alikuwa akivitazama kwa darubini vitone vidogo vya mafuta vikielea kati ya mabamba mawili ya umeme, akipima chaji ya kila kimoja. Alikuta kipande kimoja, viwili, vitano, tisa. Hakukuta viwili na nusu. Kipande hicho leo kimewekwa kuwa kulomu 1.602176634 × 10⁻¹⁹ kamili, na tangu Mei 20, 2019 ampea yenyewe hufafanuliwa kwa namba hiyo. Kulomu moja ni elektroni zaidi ya trilioni milioni sita. Mita yako inapokuonyesha mkondo wa ampea 0.01, usiudharau.

Kuhusu sentensi ya daftarini, "haiumbwi wala haiteketei", nina marekebisho madogo. Chembe zenye chaji zinaweza kuumbwa na kuteketea. Mwale wa gama wenye nishati ya kutosha ukipita karibu na kiini cha atomu unaweza kugeuka kuwa elektroni na pozitroni, pacha wake mwenye chaji chanya. Lakini tazama: moja hasi, moja chanya, jumla sifuri kabla, sifuri baada. Jumla ndiyo haibadiliki. Katika majaribio yote yaliyowahi kufanywa haijaonekana ikivunjwa hata mara moja, na ndicho kinachoifanya elektroni isioze ikapotea: hakuna chembe nyepesi kuliko yenyewe ambayo ingeweza kuirithi chaji yake.

Kwako wewe kama fundi kuna jambo la kuzingatia mezani. Mwili wako ukijikusanyia chaji, cheche unayoihisi kidoleni kwa kawaida inaanzia kwenye volti kama 3000. Saketi ndogo ndani ya simu zinaweza kuuawa na volti chache kuliko hizo, yaani unaiua bodi ya mteja bila wewe kuhisi chochote, halafu mnaanza kulaumiana. Unyevu wa Tanga unakusaidia. Ukihamia Singida utajuta. Mkanda wa kiganjani uliounganishwa na ardhi kupitia rezista ni bei ndogo. Kwa sababu hiyohiyo, usijaze petroli kwenye dumu la plastiki likiwa nyuma ya pikapu juu ya zulia; lishushe chini, ncha ya chuma ya mpira wa pampu ikiwa imegusa mdomo wa dumu. Malori ya mafuta nayo huunganishwa na ardhi kwa waya kabla ya kushusha mzigo.

Sasa mfanyie binti jaribio litakalokubali hata hapo pwani. Chukueni selotepu. Bandikeni vipande viwili mezani, kila kimoja mahali pake, mkunje ncha ipate pa kushika, kisha mvibandue kwa haraka. Vikaribisheni: vitakimbiana, kwa kuwa vimechajiwa namna moja. Halafu bandikeni kipande mezani na cha pili juu ya mgongo wake, vibandueni pamoja polepole, pitisheni vidole juu yake, ndipo mvitenganishe kwa mkupuo. Hivi vitavutana. Hapo ameshafika alipofika du Fay. Akitaka kujua kipi ni kipi, mpe kipande cha bomba la PVC la kupitishia nyaya, akisugue kwenye sweta la sufu lililokauka vizuri, akisogeze taratibu. Bomba hilo litakuwa na chaji hasi. Selotepu itakayolikimbia ndiyo hasi mwenzake.